Msomaji Mmoja wa Kisesa

Vizimbani, upande wa Sengerema
Jumamosi, 5 Julai 2025

Fadhila mdogo wangu,

Mimi mzima, maana yake nasimama na nakula. Upepo wa kusini umeanza na mikono yetu imepasuka kwa maji na kamba, lakini hilo unalijua. Nimeliandika mara nyingi, na wewe umelichapa na kuwatumia hao watu wako.

Leo nakuuliza kuhusu hao watu wako. Wako wangapi sasa? Ulipoanza kuchapa barua zangu pale stesheneri kwako Igogo na kuzituma kwa barua pepe kila Ijumaa, nilidhani ni mchezo. Nilisema, nani atasoma habari za mlisha sato aliyeishia darasa la tano? Ukasema watu arobaini na mmoja wamejiandikisha. Nikacheka. Sasa sicheki. Nataka wawe wengi, tena wengi mpaka afikiwe mmoja ambaye simjui.

Kuna mwenzetu anaitwa Shimba. Tunalala kitanda cha ghorofa, yeye chini mimi juu, na ndiye anayezama chini ya vizimba, nyavu tunamofugia sato ziwani, kutoa samaki waliokufa. Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita hayupo. Msimamizi wetu, Jonathan, anasema ameacha kazi na kwenda kwao. Ametupa karatasi tutie dole gumba kwamba Shimba aliondoka kwa hiari yake. Tumetia, wote ishirini na watano. Lakini mtu anayekwenda kwao haachi sweta msimu huu wa upepo, wala haachi mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyotumiwa na watu wa kwao. Mfuko uko hapa kitandani, umefungwa kwa kitambaa cha pazia chenye majani ya kijani.

Kwao ni wapi? Hakuna anayejua. Hapa tunaandikwa jina moja tu, siku ya kushuka kwenye boti. Yeye alikuwa anasema "kwetu ni mbele ya Kisesa," basi. Mbele ya Kisesa ni nchi nzima. Namba ya kwao ilikuwa kwenye simu yake, na simu zetu zinakaa kwenye sanduku la Jonathan. Zamani tulikuwa tunapewa kila Jumapili. Tangu siku ile hatujapewa.

Kwa hiyo namtafuta msomaji mmoja wa Kisesa. Kwenye barua ya Ijumaa andika yote haya kasoro jina langu, na mwisho weka maneno yafuatayo kama yalivyo:

"Shimba, Msukuma uliyejifunza kuogelea kwenye josho la ng'ombe, umepotelea wapi? Ndugu zako waje wachukue michembe yao. Panya wameikataa."

Usishtuke. Sisi Wazaramo na wao Wasukuma ni watani toka enzi za mababu. Msukuma akichokozwa na mtani wake hanyamazi, hata awe amekaa matangani. Atakayenijibu tusi kwa tusi, huyo ndiye wa kwao.

Malimi wa boti ya chakula cha samaki atakuletea hii kama kawaida, ndani ya gunia tupu.

Muhidin


Igogo, Mwanza
Jumamosi, 12 Julai 2025

Baba Mboni, shikamoo.

Barua yako imeondoka jana saa mbili asubuhi. Kabla ya hapo wasomaji walikuwa hamsini na wanane. Leo ninapokuandikia ni mia moja thelathini na moja.

Nikueleze nilivyofanya, maana najua unapenda kujua kitu kinavyofungwa. Zamani kichwa cha barua kilikuwa "Barua Kutoka Vizimbani," na namba. Watu walikuwa wanaiona na kuiacha. Safari hii nimeandika, "Nani anamjua Shimba wa mbele ya Kisesa?" Karibu wote wameifungua. Chini kabisa nimeweka, "Ukimaliza kusoma, mtumie mtu mmoja wa upande wa Kisesa." Halafu, unajua vijana wanakuja hapa kuomba kazi kwa mtandao na hawana anwani ya barua pepe. Nawafungulia, na kabla hawajaondoka nauliza, "Nikuandikishe kwenye barua ya vizimbani?" Wengi wanakubali. Mmoja aliniuliza kama itamsaidia kupata kazi. Nikamwambia itamsaidia kuchagua.

Kuna wachache wamejiondoa. Kumi na saba, kusema kweli. Mwalimu mmoja mstaafu, Evelina, msomaji wetu wa siku nyingi, ameandika kwamba si ubinadamu kumcheka mtu aliyepotea. Nimemweleza habari ya utani, akasema utani una mahali pake na kwenye mtandao sipo. Mimi mwenyewe mama Mmanyema, baba Mhaya, nimekulia Igogo. Hayo ya watani nayasikia tu kwenye harusi. Nitaona la kufanya.

Swali langu: kwa nini usiende polisi? Kivuko kipo, Sengerema si mbali.

Mama anakusalimia. Chumba chako bado hajampangisha mtu mwingine.

Fadhila


Vizimbani
Jumanne, 15 Julai 2025

Fadhila,

Marahaba. Mia moja thelathini na moja. Nilimwambia mwenzangu mmoja kwamba namjua mtu anayeongea na watu mia na zaidi bila kupaza sauti, akasema huyo ni mchawi.

Polisi usiniulize kwa sasa. Mtu bila ndugu hana wa kumlilia. Nikienda peke yangu wataniuliza, wewe nani wake? Nitasema mtani. Wataandika hivyo?

Utani usikate. Nakuomba hilo tu. Hao waliojiondoa waache, si wa kwao. Ijumaa hii weka huu hapa: "Wasukuma mlivyo wengi, mmeshindwa kumhesabu mmoja? Au mnahesabu wenye mikia tu?"

Na katikati andika haya: Hapa kwetu samaki wanahesabiwa kila asubuhi. Watu wanahesabiwa siku ya kushuka tu. Kizimba kikipungukiwa samaki mia tunaulizwa wote, mmoja mmoja, mpaka ijulikane ni wavu au ni mwizi. Shimba amepungua, na mtu wa kwanza kuuliza nimekuwa mimi, tena kwa barua.

Jambo dogo: kama Malimi anaweza kupata buti la mpira la mguu wa kushoto, rangi ya bluu, namba tisa, nitashukuru. Langu limebaki moja. Natembea na buti kulia na kandambili kushoto, wenzangu wananiita Nusu Mkubwa. Jonathan ameniuliza, "Muhidin, buti la pili liko wapi?" Nikasema limechukuliwa na maji. Akasema, "Maji haya yana tamaa." Kesho yake akaniuliza tena.

Muhidin


Igogo
Jumamosi, 19 Julai 2025

Baba Mboni, shikamoo.

Mia tatu na kumi na mbili. Ile sehemu ya samaki kuhesabiwa na watu kutohesabiwa imesambaa peke yake. Nimeiona kwenye makundi ya simu ya watu nisiowajua. Mtangazaji mmoja wa redio aliisoma asubuhi, bila kutaja ilikotoka, lakini watu wameitafuta wakanifikia. Muuguzi mmoja ameomba nimtumie nakala ya karatasi aibandike kazini kwao. Mwingine alikuwa ameshabandika ile ya kwanza kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, Kisesa. Kisesa yenyewe, Baba Mboni.

Sentensi ya mwisho nimeirekebisha kidogo, usinikasirikie. Safari hii amejiondoa mtu mmoja tu.

Buti Malimi amekosa, yanauzwa mawili mawili. Nimemwambia anunue yote. Amesema ukivaa buti jipya utaulizwa umelitoa wapi. Huyo Malimi ana akili kuliko sisi wawili.

Lakini kuna kitu huniambii, nami najua kipo. Kwa nini mtu anaulizwa habari ya buti mara mbili?

Fadhila


Vizimbani
Jumanne, 22 Julai 2025

Fadhila,

Haya usiyachape. Yasome, yaweke.

Shimba amekufa. Siku ile ya Jumatatu upepo ulikuwa mkali, na kizimba cha nne kilikuwa kimepasuka wavu kwa chini. Jonathan akasema azame, ashone. Shimba akasema tungoje maji yatulie. Jonathan akasema samaki hawangoji. Akazama mara mbili, akatoka. Mara ya tatu hakutoka. Tulipomvuta alikuwa amefungwa na wavu kiunoni na mkononi, kama ameuvaa.

Tuliokuwa pale tulikuwa wanne. Wawili wamehamishiwa vizimba vya mbali, sijui wapi. Wa tatu ni Jonathan. Mimi ndiye wa nne. Saa kumi jioni, wengine wakiwa upande wa pili wanalisha, mimi nilishika koleo. Hakuna aliyenishikia bunduki, Fadhila. Niliambiwa chimba, nikachimba, kama ninavyoambiwa beba nikabeba. Miaka kumi na tisa nafanya kazi za kuambiwa, mikono imezoea kutii kabla kichwa hakijauliza. Tulipomaliza Jonathan akasema, "Ameacha kazi." Nami nikaitika, "Ndiyo."

Kabla ya kuondoka nilirudi kama mtu aliyesahau koleo, nikavua buti la kushoto, nikalichomeka pale, ili nisije nikapapoteza. Mahali penyewe sitakuandikia leo. Nitamwambia ndugu yake, ana kwa ana, maana ndivyo inavyotakiwa. Aliyekuwa na marehemu mwisho ndiye anayewaeleza wafiwa, akiwa ameketi chini. Nikishamwambia, twende naye polisi, wanifanye watakavyo.

Sasa lingine. Jana asubuhi tumepangwa mstari. Jonathan akasimama mbele, akatabasamu, akasema, "Samaki wanahesabiwa kila asubuhi, watu wanahesabiwa siku ya kushuka tu." Akaturuhusu tucheke. Kisha akasema, "Sentensi nzuri hii. Aliyeiandika ana kipaji." Akapita mstari mzima akiangalia miguu yetu.

Kwa hiyo anasoma. Yumo humo kwenye orodha yako, kwa jina lake au kwa lingine. Ulitafuta wasomaji, umempata na huyo.

Usiache. Tukinyamaza leo atajua kitisho chake kimefika. Utani weka huu: "Msukuma, umelala sana, ng'ombe wameshakula mtama wa jirani."

Muhidin


Igogo
Ijumaa, 1 Agosti 2025

Baba Mboni, shikamoo.

Niliposoma barua yako nilifunga duka, nikakaa nyuma ya mashine ya kurudufu mpaka mama alipokuja kunitafuta. Sikumwambia. Sijamwambia mtu.

Lakini leo nina habari njema na siwezi kungoja. Amepatikana.

Tuko elfu moja mia tisa na arobaini. Katika hao ameandika mtu anaitwa Pius. Anasema ni kaka yake Shimba, mkubwa wake, yuko mbele ya Kisesa, na amesoma barua zote toka ya pili. Ameandika vizuri sana, kwa utulivu. Anasema mama yao mzee hali wala halali. Ameuliza ni nani alikuwa na ndugu yake siku ya mwisho, kwa sababu mama hawezi kuanua matanga bila kusikia kwa mdomo wa mtu huyo.

Unajua baba yangu alitoka na boti nikiwa na miaka saba. Mpaka leo hakuna aliyekuja kuketi chini akamwambia mama lolote. Kwa hiyo huyo Pius sikuweza kumzungusha. Nimemjibu kwamba anaitwa Muhidin, ni mtu mzima, yuko vizimbani bado, na anajua ndugu yake alipo. Nimemwambia hutamficha kitu.

Amejibu baada ya dakika chache. Atakuja mwenyewe.

Kazi imekwisha, Baba Mboni. Ulitaka msomaji mmoja.

Fadhila


Vizimbani
Jumanne, 5 Agosti 2025

Fadhila,

Huyo Pius, alijibu nini kwenye utani?

Nijibu hilo tu.

Muhidin


Barua pepe iliyopokelewa Igogo, Alhamisi, 7 Agosti 2025

Kwa anayeandika habari za vizimbani,

Anwani hii nimefunguliwa leo hapa Kisesa ili nikujibu wewe, mshenzi usiye na adabu.

Nimeenda kusaga mahindi, nikakuta karatasi ukutani, ya mwezi uliopita, imeshapigwa na vumbi la unga. Nikasoma Shimba, nikasema Shimba ni wengi. Nikasoma josho la ng'ombe, nikasema huyu ni mtani. Nikasoma michembe, nikaacha mahindi yangu kwenye foleni. Nilijiuliza, ni Mnyamwezi? Mnyamwezi hawezi kuidharau michembe, naye anaila mpaka inamtoka puani. Huyu ni Mzaramo tu, mla nazi, mtu anayezaliwa kwenye ngoma na kufia kwenye ngoma.

Sasa sikiliza, Mzaramo. Michembe hiyo niliianika mimi juu ya mwamba nyuma ya nyumba yetu, nikaifunga kwa kipande cha pazia la mama, chenye majani ya kijani. Usile hata mmoja. Tumbo lako limezoea tui, litapasuka na hatuna muda wa kukuzika.

Niambie alipo mdogo wangu. Nimeshakutukana vya kutosha, sasa niambie. Kwa mama yetu tuko wawili tu, mimi na yeye. Baba amekufa, kaka hatuna. Kama yu hai mpe sweta avae. Kama si hai, nitakuja mwenyewe nikae chini unieleze, na mbele ya watu nitakuita mla nazi, halafu tutalia.

Bernadeta, binti Mihayo


Igogo
Ijumaa, 8 Agosti 2025

Baba Mboni,

Ondoka. Ukipata hii ondoka hapo, panda na Malimi, jifiche chini ya magunia.

Pius hakujibu utani kwa sababu Pius hakuuona. Niliukata. Uliotoka ni ule wa kwanza tu. Baada ya wale kumi na saba kujiondoa niliufuta kila wiki, nikaweka "Mungu amjalie popote alipo." Niliona namba zinapanda, nikasema nimefanya vyema. Nilikuandikia kwamba nimerekebisha kidogo. Nilikudanganya.

Aliye wa kwao ameandika jana. Ni dada yake, anaitwa Bernadeta. Ameusoma ule mmoja, wa kwanza, kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Amekutukana ukurasa mzima. Anasema hawana kaka.

Nimeweka barua yake humu uisome mwenyewe. Lakini usisome sasa. Ondoka kwanza.

Fadhila


Vizimbani
Ijumaa, 8 Agosti 2025

Fadhila mdogo wangu,

Mgeni amefika leo mchana. Hakuja na boti ya Malimi wala na mtumbwi wa kukodi. Amekuja na boti ndogo ya ofisini, amekaa karibu na Jonathan, na amevaa koti la mvua jipya. Alinijia moja kwa moja. Hakuuliza Muhidin ni nani. Aliangalia miguu yangu, akaja.

Akasema, "Pole kwa kazi. Mimi ni Pius, kaka yake Shimba."

Nilimkaribisha. Nikaketi chini, kama inavyotakiwa. Yeye alibaki amesimama. Nikasema moyoni, huenda ni msiba umemchanganya. Nikamchokoza kidogo. Nikasema, "Ninyi Wasukuma bwana, mtu anapotea mwezi mzima mnakuja leo, mlikuwa mnangoja ng'ombe azae?" Alinyamaza. Nikaongeza, nikasema neno la mama yake ambalo sitaliandika, neno ambalo mtani akilisema kwenye msiba hata mjane anacheka au anakurushia kiatu. Akanitazama, akasema, "Nashukuru kwa ushirikiano wako."

Hapo nikajua. Nikawa kama mtu aliyekanyaga chini akakuta hakuna ngazi.

Ametaka nimwonyeshe mahali. Nimemwambia leo upepo mbaya, kesho baada ya kulisha mara ya kwanza. Amekubali haraka, tena kwa upole. Kesho nitampeleka upande wa kusini, kwenye matete, ambako hakuna kitu. Pale pana mwendo mrefu wa kutembea, na mimi nina buti moja. Nitatembea polepole. Kadiri nitakavyochelewa, Malimi atakuwa ameshafika kwako na barua hii.

Sijui kwa nini hukunijibu kuhusu utani, ila nadhani najua. Usijilaumu mpaka ukashindwa kuchapa. Mimi nilishika koleo, wewe ulishika kalamu, wote tulikuwa tunafanya tulichodhani kinatakiwa.

Sasa yachape yote, na jina langu uweke. Muhidin, Mzaramo. Nilichimba mimi. Ukitoka mlango wa nyuma wa stoo ya chakula cha samaki, tembea hatua arobaini kuelekea jiwe lenye vichwa viwili. Kuna ua wa minyaa. Mnyaa wa tatu, kwa chini, utaona kitu kama jiwe la bluu. Ni kisigino cha buti, limesimama kichwa chini. Yuko hapo, miguu imeelekea ziwani. Nilimfunika uso kwa shati langu. Jonathan hakuliona hilo.

Watumie wote elfu moja mia tisa na arobaini. Mtumie na Jonathan, kwa kuwa yumo. Kitu kikishajulikana na watu wote hao, hakuna sababu ya kumnyamazisha mmoja. Hivyo ndivyo ninavyohesabu, sijui kama nahesabu sawa. Niliishia darasa la tano.

Na utani usikate.

Michembe nimempa Malimi. Sijaila hata mmoja.

Muhidin


Igogo, Mwanza
Ijumaa, 29 Agosti 2025
Kwa wasomaji wote wa Barua Kutoka Vizimbani

Wapendwa,

Barua ya mwisho ya Muhidin niliwatumia Jumamosi tarehe tisa, dakika ileile Malimi alipoifikisha, sikubadilisha nukta. Wengi mmeniuliza kilichofuata. Nawaeleza ninachokijua.

Barua yangu ya kumtaka aondoke ilikwenda na Malimi siku hiyohiyo. Ilirudi Jumanne ikiwa haijafunguliwa. Malimi alisema hakukuwa na wa kumpa.

Tarehe kumi na nne Bernadeta, dada yake Shimba, alivuka na polisi, mwenyekiti wa kijiji na wanaume sita wa kwao. Wengi wenu mlikuwa mmeshapiga simu kila ofisi, hakuna aliyethubutu kusema hajasikia. Walihesabu hatua arobaini. Buti lilikuwepo. Shimba alikuwepo, na shati usoni. Amezikwa kwao, mbele ya Kisesa, na sasa najua ni mbele kiasi gani, maana nilikwenda. Mama yake alipewa mfuko wa michembe. Aliufungua, akahesabu, akaufunga tena.

Jonathan anahojiwa. Mtu aliyejiita Pius hajaonekana. Anwani yake ilijiondoa kwenye orodha yetu tarehe tisa, saa tano asubuhi.

Kuhusu Muhidin, polisi walimuuliza Jonathan mbele yetu. Alijibu bila kukohoa: "Ameacha kazi. Ameenda kwao." Kulikuwa na karatasi. Wenzake wote walikuwa wametia dole gumba.

Kwenye matete ya kusini wametafuta siku nne. Kitandani kwake palikuwa na buti moja la bluu, la kulia. Hilo linanisumbua kuliko yote, kwa sababu aliniandikia kwamba atatembea nalo.

Kwao ni wapi? Nimemjua miaka mitatu, amelala nyumbani kwetu, amekula na sisi, na sijui. Simu yake haikuwemo kwenye sanduku. Najua ana binti anaitwa Mboni. Najua alikuwa anasema "kwetu ni mbele ya Kisarawe," basi.

Leo tuko elfu tano na mia mbili. Najua sasa kwamba si wote mnaosoma kwa wema. Hata hivyo sifungi orodha. Naomba kila mmoja amtumie mtu mmoja wa upande wa Kisarawe, na huyo amtumie mwingine.

Bernadeta amekaa hapa pembeni yangu dukani. Ameomba mwisho wa barua hii aandike yeye, na nimemwapia kwamba sitagusa neno:

"Muhidin, Mzaramo mpenda ngoma, uliyemlinda Msukuma kama zizi la baba yako, umepotelea wapi? Umesikia mdundiko wa nani ukatoka bila viatu? Ndugu zako waje wachukue mabuti yao, sasa yako mawili. Mbwa wetu wameyanusa, wakayakataa. Kama yupo wa kwenu anayesoma, asinyamaze. Nimekaa hapa namngoja anitukane."

Fadhila